Mrututu Ukomee Kwenye Kwato

Huku Kasulu mtu akisimama kusema ana ushuhuda, watu hutarajia habari za pombe iliyoachwa au ndoa iliyopona. Wangu ni wa kwato za mbuzi. Nilipoutoa kwenye kikao cha kikundi chetu cha wafugaji watu walicheka, wakanyamaza, halafu maswali yakaanza. Hayajakoma hadi leo, ndiyo maana naandika.

Mimi ni mzaliwa wa Kibondo, upande wa Mabamba, nikaolewa huku Kasulu, maeneo ya Heru Juu. Kule nyumbani kaka yangu anachunga ng'ombe wa Ankole, wale wa pembe ndefu ambao wazee wetu wa Kiha waliwapenda kuliko mashamba. Mimi marehemu mume wangu aliniachia mbuzi, kondoo wachache, migomba na shamba la maharage. Kondoo ninao kwa sababu mama mkwe hakubali boma lisilo na kondoo; sababu zake ni nyingi na nyingine hazisemi. Nawataja mapema kwa kuwa habari hii ina mbuzi na ina kondoo, na mrututu hauwahesabu kuwa ndugu.

Mvua zetu za nyanda za juu zinaanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili, mwaka mwingine Mei. Kwa miezi hiyo yote zizi halikauki. Mbuzi analala kwenye tope, anaamka kwenye tope, na ngozi laini iliyo katikati ya kwato mbili inalowa mpaka inachubuka. Hapo ndipo ugonjwa unapoingilia. Kwanza mbuzi anachechemea kidogo, unadhani amekanyaga mwiba. Baada ya hapo unamkuta malishoni anakula amepiga magoti, miguu ya mbele imekunjwa, maana kusimama kunamuuma. Ukimshika na kuinua mguu, harufu inakupiga kabla hujaona kitu. Aliyewahi kuinusa haisahau, na hahitaji daktari wa kumwambia kuwa kwato zinaoza.

Kutibu kwetu kulikuwa hivi: kisu kinapashwa moto, kwato linachongwa mpaka damu itoke, halafu jeraha linapakwa oili chafu ya pikipiki. Wengine walitumia majivu, wengine chumvi. Mbuzi alilia, watoto walikimbia, na wiki mbili baadaye mguu mwingine ulikuwa umeanza. Hakuna aliyekuwa mjinga katika hayo. Tulitibu mguu tuliouona, mmoja mmoja, huku zizi lote likiwa limeshaambukizwa.

Aliyetubadilisha ni afisa mifugo wa kata, binti mdogo aliyekuja na buti za mpira na mfuko mweusi wa nailoni. Ndani ya mfuko mlikuwa na mawe madogo ya buluu yanayong'aa. Wazee waliyatambua mara moja: "Huo si mrututu?" Waliokwenda Manyovu na Kalinzi kuchuma kahawa walikuwa wameshaona dawa za shaba zikipulizwa kwenye mibuni dhidi ya chule buni na kutu ya majani. Lakini mrututu wenyewe, salfeti ya shaba, hakuna aliyewahi kuutia kwenye miguu ya mnyama.

Alitueleza kuwa kuoza kwa kwato kunaletwa na bakteria wawili wanaosaidiana. Mmoja anaishi kwenye kinyesi na tope siku zote, huyo ndiye anayefungua mlango. Wa pili, ambaye wataalamu humwita Dichelobacter nodosus, ndiye anayelila kwato lenyewe na kulibandua kutoka kwenye nyama. Huyu wa pili ana udhaifu mmoja ambao nilimwomba binti aurudie: akiwa nje ya mguu wa mnyama, ardhini, hamalizi wiki mbili akiwa hai. Kwa hiyo ukitibu miguu yote siku moja na kuhamishia kundi mahali ambapo halijakanyaga kwa wiki mbili, umemkatia njia. Ukitibu na kuwarudisha kwenye tope lile lile, umepoteza dawa na muda. Kwangu mimi mabadiliko yalianzia kwenye wiki mbili hizo, kabla hata ya mrututu. Niligawa uwanja wa nyuma kwa fito, upande huu na upande ule, na mama mkwe akauliza kama najenga zizi la wageni.

Sasa dawa yenyewe. Kipimo ni asilimia tano, na huku hatuhitaji hesabu ngumu kwa sababu kila nyumba ina dumu la lita 20: kilo moja ya mrututu kwa dumu moja la maji. Nusu kilo kwa lita 10. Kupima ndiko kulikoleta kisa. Nilimwendea muuza duka wa karibu anipimie kwenye mizani yake ya maharage, akakataa katakata, na alifanya vizuri. Mrututu ni sumu. Mtu akiumeza unachoma tumbo na kuharibu ini na figo, na vumbi lake likiingia jichoni si mchezo. Tukanunua uliofungwa kwa kilo, tukakubaliana kuwa haufunguliwi jikoni wala haumiminwi kwenye chombo cha chakula.

Maji ya vuguvugu yanauyeyusha upesi kuliko ya baridi. Chombo ni cha plastiki au mbao, kamwe si cha bati wala chuma. Binti alipotukataza chuma, mzee mmoja alibisha kuwa karai lake ni imara. Binti hakubishana naye. Alichukua msumari wa inchi nne, akausugua kwa jiwe, akauchovya kwenye maji ya buluu huku akiendelea kuongea mambo ya minyoo. Alipoutoa, sehemu iliyozama ilikuwa nyekundu ya shaba, laini ukiigusa, ikitoka kidoleni. Shaba iliyokuwa ndani ya maji imehamia kwenye msumari, na chuma kimeingia majini mahali pake. Karai lingefanywa hivyo hivyo: linatoboka, na dawa inabaki maji tu. Mzee aliushika ule msumari mpaka kikao kilipokwisha.

Siku ya kuogesha miguu kazi inaanza asubuhi kwa kuwanywesha mbuzi maji safi washibe. Mnyama mwenye kiu anaweza kunywa dawa ya miguu, na hilo ndilo jambo la kuogopa kuliko yote. Kisha kwato zinachongwa, ile sehemu iliyolegea na kujikunja tu, bila kutafuta damu. Miguu inaoshwa kwa maji ya kawaida kwanza. Hapa wengi wanaruka hatua kwa sababu ya uvivu, halafu wanailaumu dawa: tope na kinyesi vikiingia kwenye mrututu vinaukamata na kuumaliza nguvu, na baada ya mbuzi wengi wachafu kupita unakuwa unawaogesha kwenye maji ya buluu yasiyo na kazi. Sisi tumechimba mfereji mfupi, tumeutandika turubai zito, kina kinafika juu kidogo ya kwato. Mbuzi wanasimama humo dakika chache, wanatolewa, na wanakaa kwenye sakafu kavu karibu saa nzima ili dawa ishike kabla hawajakanyaga majani. Mshikaji anavaa glavu. Mikono yangu ilibaki na madoa ya kijani mwanzoni, na kanisani Jumapili nikaulizwa kama nimefungua kiwanda cha rangi.

Matokeo? Waliochechemea kidogo walipona ndani ya majuma machache. Waliokwisha kuoza sana hawakupona kwa kuogeshwa peke yake, walihitaji sindano ya oksitetrasaiklini kutoka kwa mtaalamu, na wapo ambao hata hiyo haikuwafaa nikawauza kwa nyama. Lakini masika yaliyofuata sikuona mbuzi anayekula kwa magoti. Mbuzi anayesimama anakula, anayekula anazaa mapema na ana maziwa ya mtoto wake, na mnadani mnunuzi hamshushi bei kwa sababu ya mguu. Hiyo ndiyo faida yangu yote, na inanitosha.

Ningependa ushuhuda uishie hapo, lakini mafanikio yana tabia ya kupitiliza. Habari za mrututu zilipoenea, watu waliuhamisha kutoka miguuni hadi tumboni. Ikiwa unaua ugonjwa wa kwato, walisema, utashindwaje minyoo? Na walikuwa na mashahidi. Ni kweli kwamba Afrika Kusini, kabla dawa za kisasa za minyoo hazijaja, wafugaji wa kondoo waliwanywesha mchanganyiko wa mrututu na nikotini kuua minyoo inayonyonya damu. Wazee waliowahi kufanya kazi mbali walizisikia hizo habari na kurudi nazo. Wasichosema ni kwamba dawa ile iliachwa ilipopatikana nyingine salama zaidi, na kwamba kila aliyeitumia alijua kondoo anaweza kulala nayo asiamke.

Jirani yangu mmoja, mtu makini na mcha Mungu, alisaga mrututu na kuuchanganya na chumvi. Chumvi yenyewe ilikuwa ya Uvinza, ile ile ambayo tangu enzi za misafara watu walitembea siku nyingi kuifuata kwenye chemchemi za Malagarasi, na ambayo ng'ombe wa Buha wameilamba vizazi na vizazi. Aliwawekea mbuzi na kondoo pamoja. Wiki zikapita, wanyama wote wazima, manyoya yanang'aa. Akawa anatusimanga kuwa sisi tunaogesha miguu wakati yeye anatibu mnyama mzima. Kisha siku moja akawaswaga kondoo wake kwenda mnadani, mwendo mrefu juani, hawakuuzwa, wakarudi. Kesho yake macho yalikuwa ya njano. Mkojo ulikuwa rangi ya chai kavu iliyochemka mno. Kabla ya wiki kuisha walikuwa wamekufa, mmoja baada ya mwingine, na mbuzi waliolamba chumvi ile ile wakibaki wanatafuna majani kama kawaida.

Kila mtu alisema ni kupe. Na si maneno ya kijinga, maana ugonjwa wa kupe unaofanya mnyama akojoe mkojo mwekundu upo na tunaujua. Binti wa mifugo akampasua wa mwisho mbele yetu. Mafuta ya tumboni yalikuwa ya njano. Figo zilikuwa nyeusi, zenye mng'ao wa chuma kilichofuliwa. Akaziweka juu ya jani la mgomba tuzitazame, akauliza kondoo hawa walikuwa wanalamba nini.

Kondoo hana njia nzuri ya kuitoa shaba mwilini. Mbuzi na ng'ombe wanaipitisha kwa nyongo kwa kiasi fulani, nguruwe anaimudu kabisa, lakini kondoo anaihifadhi kwenye ini, siku baada ya siku, bila dalili yoyote. Ini likijaa, jambo dogo tu linatosha, njaa, safari au mvua ya baridi, na shaba yote inamwagika kwenye damu kwa mara moja. Chembe nyekundu za damu zinapasuka. Ndiyo maana macho yanakuwa ya njano na mkojo mweusi, na ndiyo maana anakufa baada ya safari na si siku aliyolamba. Umoja wa Ulaya unaruhusu miligramu 15 tu za shaba katika kila kilo ya chakula cha kondoo. Kwa vitoto vya nguruwe vilivyoachishwa ziwa karibuni unaruhusu 150. Mara kumi! Maana yake chakula cha nguruwe kilichowekwa shaba, ukikimimina kwa kondoo kwa sababu kimebaki, ni sumu ya polepole. Na kinyesi cha nguruwe au kuku waliolishwa shaba kinabeba shaba hiyo hiyo. Shaba haiozi, inahama tu.

Habari ya nguruwe ina historia yake. Tangu miaka ya 1950 wafugaji wa Uingereza waliona nguruwe wakitiwa salfeti ya shaba kwenye chakula wanakua haraka, na wakaendelea hivyo kwa miongo mingi kwa viwango vya hadi miligramu 250 kwa kilo. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulikaza masharti kwa vitoto vya nguruwe, huku nguruwe wakubwa wakiwa tayari wamebakishiwa 25 tu, kwa kuwa mashamba yaliyorundikiwa samadi yao yalikuwa yanajaa shaba. Kijana mmoja hapa Kasulu mwenye nguruwe aliniuliza kama ajaribu. Nilimuuliza ana kondoo wangapi. Akasema shangazi yake ndiye mwenye kondoo, banda la pili. Basi, nikamwambia, umeshajijibu.

Upo upande wa pili, nisiwe mwongo. Kuna mahali ambapo shaba imepungua ardhini na wanyama wanaumwa kwa kuikosa. Kenya, Bonde la Ufa, miaka ya 1960 madaktari wa mifugo waliandika kuhusu wana kondoo na wana mbuzi waliozaliwa miguu ya nyuma ikiyumba, wasioweza kusimama, kwa sababu mama zao walikosa shaba. Australia Magharibi waligundua jambo hilo hilo kwa wana kondoo mwaka 1937. Huko shaba kidogo ni uhai. Lakini wao walipima damu na maini kabla ya kuamua. Sisi tulipima kwa macho na kwa hamu ya kutumia kilichobaki mfukoni. Mtu akiniambia mbuzi wake amepauka manyoya hivyo anakosa shaba, namuuliza kwanza kama amempa dawa ya minyoo.

Kibondo vita ilikuwa nyingine. Kaka yangu alipiga simu akitaka mrututu mwingi, si wa kwato. Ng'ombe wake walikuwa wanakonda, taya zimevimba kwa chini, na machinjioni ini la mmoja lilikutwa limejaa minyoo bapa, ile yenye umbo la jani. Minyoo hiyo inapitia kwa konokono wa majini kabla ya kurudi kwa ng'ombe kwenye majani ya bondeni. Kaka alikuwa amesikia kuwa mrututu unaua konokono. Na unaua kweli. Misri, na Sudan kwenye mifereji ya Gezira, ulitumika miaka mingi kuua konokono wa kichocho kabla ya dawa nyingine kuchukua nafasi yake.

"Dada, niletee kilo kumi, nimwage bondeni niwamalize."

"Bonde hilo linatiririkia wapi, kaka?"

Alijua. Vijito vya kwetu vinateremka hadi Malagarasi, na Malagarasi inapita kwenye mabwawa makubwa hadi Ziwa Tanganyika. Shaba inayoua konokono inaua samaki kwa kiasi kidogo zaidi ya tunavyodhani, hasa kwenye maji laini kama ya milimani, na watoto wa kijiji wanavua kambale kwenye bonde hilo hilo. Konokono wanaobaki wanazaana upya masika yajayo. Samaki hawarudi upesi hivyo. Na kondoo wa majirani wanakunywa hapo. Tulibishana kwa simu mpaka salio likakata, akapiga tena yeye. Mwisho alikubali, kwa shingo upande, kuzungushia uzio sehemu yenye majimaji zaidi, kuchimba birika la kunyweshea juu kwenye ardhi kavu, na kuwapa ng'ombe dawa ya minyoo ya maini inayouzwa kwa ajili hiyo. Ni gharama zaidi, sikatai. Alinikumbusha gharama hiyo kwenye harusi, kwenye msiba, na kwenye ubatizo.

Maji yaliyotumika nayo yana swali lake. Mwanzoni wengi walitaka kuyamwaga kwenye migomba wakidhani ni mbolea kwa kuwa ni dawa ya mimea. Mgomba wa kwanza utavumilia, lakini shaba inabaki pale, inaua nyungunyungu, na mwaka baada ya mwaka udongo unachoka. Tumechimba shimo mbali na kisima na kijito, mahali pasipolimwa wala kuchungwa, lina uzio wa miiba, na tunaogesha mara chache kadiri inavyowezekana ili lisijae. Sakafu kavu imetusaidia kuliko dawa katika hilo. Tuliinua zizi kwa mbao, kinyesi kikadondoka chini, na haja ya kuogesha ikapungua yenyewe.

Kwa wenye kahawa upande wa Manyovu nina neno moja la haraka. Kopa mnayopulizia mibuni mara nyingi si salfeti, ni misombo mingine ya shaba yenye nguvu na viambato tofauti, kwa hiyo msiimimine kwenye bafu la miguu kwa kipimo changu. Na msichunge kondoo chini ya mibuni iliyopuliziwa. Kwenye mashamba ya zabibu na matunda ya nchi nyingine kondoo wamekufa kwa kula majani yenye mabaki hayo, na kondoo wa Manyovu hana ini tofauti.

Sasa kikundi chetu kinabishania zinki. Salfeti ya zinki kwa asilimia kumi inaponya kwato vilevile, haitii rangi, haili vyuma kwa kasi ile, na kwa kondoo ni salama zaidi, ila kwenye duka ninalonunua mimi haipo na tunaambiwa tuagize. Wenye mbuzi tu wanasema mrututu unatosha, kwa nini tulipie nauli ya mfuko mweupe. Sisi wenye kondoo tunasema tuagize. Mama mkwe, ambaye hahudhurii vikao, amenipa fedha ya mchango wake kabla hata sijaomba, akasema kondoo wake wasichovye mguu kwenye buluu ile tena. Kikao kijacho ni baada ya kuvuna maharage, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuuliza bei.